Baka la Bibi

Mimi si mtu wa kusahau. Nilikuwa na miaka saba, darasa la pili, na mpaka leo namkumbuka yule msichana tuliyemwita Malkia, na vidole vyake vilivyojaa rangi ya kahawia.

Shavuni nina baka. Nilizaliwa nalo, jeusi, kubwa kama haragwe, limeinama kidogo upande mmoja. Bibi mzaa mama alikuwa nalo vilevile, mahali palepale, na alifariki miezi miwili kabla sijazaliwa. Ndiyo maana mama haniiti jina langu. Ananiita "mama", na siku hizo, kila asubuhi kabla hajaenda kwenye cherehani yake, alikuwa analigusa baka kwa kidole gumba, ndipo anafunga mlango.

Malkia aliniita Doa.

Wiki ile mwalimu wa sanaa alitugawia karatasi na vioo vidogo. "Kila mtu ajichore kama alivyo," alisema. "Jina liandikwe nyuma. Ijumaa wazazi wanakuja, kila mmoja atamtafuta wake ukutani. Tuone nani anamjua mtoto wake."

Nilijichora siku mbili. Sikio moja lilitoka kubwa na pua ikaenda upande, lakini baka nililipatia. Nilichanganya nyeusi na kahawia mpaka mwalimu akasimama nyuma yangu akasema, "Hapo ni wewe kabisa." Nilivimba kichwa siku nzima.

Jumatano, baada ya mapumziko, nilikuta shavu langu pichani limepakwa kahawia tupu, baka limefunikwa. Rangi ilikuwa bado mbichi. Malkia alikuwa anafuta vidole kwenye sketi.

"Nimekunawisha uso, Doa," alisema. "Sema asante basi."

Sikusema asante, wala sikumshtaki. Kumshtaki kungemletea kelele za dakika mbili tu, na mimi nilitaka alie. Nikatulia kama maji mtungini.

Alhamisi, wenzangu wakiwa uwanjani, niliingia darasani kwa kunyata. Picha zilikuwa zimeshabandikwa. Kwenye kopo kulibaki rangi ya kutosha baka moja, na kengele ilikuwa karibu kulia. Ningeweza kulirudisha langu. Nililifikiria hilo kidogo tu, nakiri, kisha nikaenda kwenye picha ya Malkia.

Nilimpaka shavuni taratibu, kwa raha ambayo sijaipata tena. Nilitaka mama yake ampite asimjue. Na kwa kuwa baka nililolijua ni moja tu, nilimpa hilohilo, na kuinama kwake.

Ijumaa mama Malkia alipita ukutani mara mbili kwa viatu vyake vya visigino. "Mwalimu, wa kwangu hayupo hapa," alisema. Malkia akatokwa na machozi mbele ya watu wote. Moyo wangu ulifurahi, sitadanganya.

Mama yangu aliingia amechelewa, nyuzi zimemganda kwenye blauzi. Alianzia mwanzo wa ukuta. Picha yangu aliipita bila hata kupunguza mwendo. Alisimama kwenye ile ya Malkia, akaweka kidole gumba shavuni.

"Huyu hapa mama yangu," alimwambia mwalimu. "Huyu hata gizani ningemjua."

Mwalimu aligeuza karatasi, akasoma jina, akaonekana kuchanganyikiwa. Akageuza nyingine, na nyingine, mpaka akafika kwenye ile yenye shavu safi. Akasoma jina langu.

Mama aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Umelitoa," alisema.

Malkia aliacha kulia, akanikodolea macho. Alijua kosa lake, na sasa alijua na langu. Nikimtaja, atanitaja. Tulinyamaza wote wawili, na ndiyo siku pekee tuliyowahi kukubaliana jambo.

"Sikujua kama linakuudhi, mama," mama alisema polepole. "Ungeniambia tu."

Nimemlaumu Malkia kwa hilo miaka yote, ingawa brashi ilikuwa mkononi mwangu.

Jumatatu asubuhi, mlangoni, mama alininyooshea kidole gumba kama kawaida. Kikasita karibu na shavu. Akanifunga kifungo cha kola, akaenda kazini.