Silabi Iliyodondoka

Daktari aliiweka mezani picha ya kipande kidogo kilichokatwa katika korodani ya Eliud.

"Mbegu changa hukumbatiwa na seli walezi," alisema taratibu. "Hushikamana nazo kwa protini zinazonata kama gundi, na seli hizo hupelekeana ishara: shika, shika bado, sasa achia. Kwako, ndugu Eliud, ishara ya kuachia inatangulia. Mbegu hazishiki. Zinadondoka kabla hazijaota mkia. Siwezi kuapa kwamba ni ile dawa ya wadudu unayonyunyizia vitunguu, ila bomba lako la mgongoni ulitue leo hii."

Verediana alimtazama mumewe. Alikuwa amevaa shati la kanisani, lakini harufu ya dawa ilikuwa imemwandama mpaka humo chumbani mwa daktari.

Walipofika nyumbani, kijijini Kansay, walimkuta Rozalia, mama yake Eliud, amesimama mlangoni. Kiiraqw ndicho kilichomlea. Kiswahili alijifunza ukubwani, na viambishi vyake humponyoka hadi leo.

"Haya, daktari kasemaje?"

"Amesema hazishiki, mama," Eliud alijibu, macho chini.

"Hashiki!" Rozalia alipiga makofi. "Si nilisema? Miaka yote hii nalisha tumbo lisiloshika mimba!"

Verediana alingoja. Silabi moja tu, *zi*, ndiyo iliyotenganisha mbegu za mumewe na tumbo lake, na ndiyo iliyoshikilia nafasi yake katika nyumba ile. Eliud aliinama kufungua kamba za viatu.

"Mama, ni *hazishiki*," Verediana alisema mwenyewe. "Mbegu. Za mwanao."

"Mwanangu? Dume hili nililolinyonyesha mimi? Eliud, mkeo ananifundisha Kiswahili! Kwani nimesikia vibaya?"

Eliud alimgeukia mama yake.

"Umesikia vizuri, mama."

Kesho yake asubuhi Verediana alikuwa kando ya barabara na furushi lake, akingoja gari la Karatu mjini. Rozalia alikwisha kutuma watu kijiji cha Endamarariek kuulizia binti wa kuolewa. Eliud akapita, bomba mgongoni, dawa ikimchuruzikia kiunoni.

"Huyo anayekuja, Eliud, naye utasema hashiki?"

Hakugeuka. Punde mpini wa bomba ukaanza kulia bondeni, juu, chini, juu, chini. Ukungu mweupe ukatanda juu ya vitunguu, ukamfunika miguu, kisha mapaja, kisha kiuno.