Kikombe cha Sabira

Sabira alimeza kidonge kipya kwa maji, akaosha kikombe chake na kukirudisha dirishani, mahali pake peke yake. Kilikuwa na uzi mwekundu kwenye kishikio, aliofunga mavyaa wake, Bi Shirin, mama wa mumewe Kashif, asije mtu akakosea akakinywea. Nesi alishasema mara nyingi kwamba Ukimwi hauambukizwi kwa vikombe. Bi Shirin alimwitikia kwa adabu na uzi ukabaki.

Kuhusu kidonge, nesi alieleza kwamba dawa za kwanza zilipambana na kirusi ndani ya seli; hii humfungia mlango asiingie. Alisema kweli. Asubuhi iliyofuata kirusi alikuwa nje. Alipiga hodi tatu, kama anavyofunzwa kila mtoto wa mtaa wa Kibokoni, na alipokosa jibu akaketi barazani.

Alikuwa mtu mwembamba, kanzu imepigwa pasi. Wapita njia walimjua, wakamsalimu. Bi Shirin, ambaye hawezi kuona mgeni amekaa kinywa kikavu, alimtolea kahawa na visheti, kwa kikombe cha ukingo wa dhahabu. Kikombe kikaoshwa, kikarudi kabatini pamoja na vingine. Sabira aliona, na uso ukamwaka kwa haya, utadhani yeye ndiye aliyekosa.

Siku ya posa ya binti yake, Aliza, Sabira aliomba jambo moja tu: awamiminie wageni kahawa kwa mkono wake, kama mama yeyote. Bi Shirin alisema wataona.

Barazani, jirani yao Sattar alimuuliza yule mwembamba, "Na wewe, ndugu yangu, u wa upande gani?"

"Wa Kashif," akajibu kwa upole. "Ndiye aliyenileta nyumba hii, aliporudi safari zake. Mkewe nilimkuta humu ndani, maskini, hana habari."

Kashif, aliyewaacha watu miaka yote hiyo waseme ni Sabira aliyemleta, alitazama viatu vyake. Wote waliona haya. Walimwonea haya Kashif, kwa kusemwa mbele ya wakwe.

Sattar akakohoa. "Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ndani, Sabira alikuwa ameshashika dele la kahawa. Bi Shirin akalitoa mkononi mwake polepole. "Pumzika, mwanangu. Wakwe wana macho."

Wakamiminiwa wote, yule mwembamba kwanza. Sabira alikunywa yake jikoni, kwa kikombe chenye uzi. Kashif alikuja mpaka kizingitini, akautazama ule uzi. Akauliza kama kahawa imebaki. Mgeni wake angependa kuongezwa.

Sabira akasema imebaki.