Shati la Mikdad

Nimechoka kuambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Najua haina. Lakini tangu lori limgonge mwanangu Mikdad kule Mapinga, kila aingiaye ukumbini kwangu huniletea maneno yale yale, akanywa kahawa yangu, akaondoka na thawabu zake. Mimi nabaki na vikombe vya kuosha.

Arobaini ilipopita, nguo zake zilitakiwa zitolewe sadaka, kama ilivyo ada. Nyingine gaweni, nikasema, ila shati la bluu aliloliacha kitandani na jasho lake, hilo asiliguse mtu. Nikilala, najifunika nalo usoni.

Aliyenikera zaidi ni Nimal, mpangaji wangu wa chumba cha uani, mtu wa Sri Lanka anayetengeneza mashine za chumvi. Dini yake ni ya Buda. Siku moja nikamuuliza, kwa shari tu, "Kwenu nyinyi, mabaya haya huletwa na nani?"

Akaweka bisibisi chini. "Sisi hatumtafuti aliyeyaleta, Mama. Kuishi kwenyewe kuna maumivu. Yanazidi tunapong'ang'ania kinachoondoka."

"Kwa hiyo kumpenda mwanangu ni tamaa?"

"Kumpenda, hapana. Kutaka asiondoke, ndiyo."

"Wewe una mtoto?"

"Nilikuwa naye," akasema, akaokota bisibisi yake.

Niliona haya, lakini sikumtaka radhi. Nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuzipeleka.

Wiki hiyo hiyo wifi yangu Raya, dada wa marehemu mume wangu, akaja kunisafishia nyumba. Kanionea huruma, masikini. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi, harufu ya udi ilinipokea mlangoni. Raya alikuwa amelifua lile shati, amelianika likakauka, kisha akalitandaza juu ya tenga la kufukizia, chetezo kikifuka chini yake, kama tunavyoifanyia nguo ya mtu tunayemuenzi. Lilinukia kama la bwana harusi.

Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Umemuua mara ya pili! Nilikuwa nimebakiwa na harufu yake tu, Raya!"

Raya hakupandisha sauti. Alikaa mkekani, shati mapajani, machozi yakimtoka. Nimal alisimama mlangoni kwake.

"Nililinusa kabla sijalitia majini, wifi," akasema Raya. "Mikdad hata mimi nimemlea. Na mimi niliitaka hiyo harufu." Akafuta pua kwa kanga. "Haikuwemo. Lilikuwa linanuka mafuta yako ya nazi, na karafuu unazotia kichwani. Lilikuwa na harufu yako wewe."

Nikakaa kando yake. Nikavuta ncha ya mtandio wangu, nikainusa. Ilikuwa harufu ile ile niliyokuwa nikilala nayo.