Bomba la Wodi ya Watoto

Sista alikuwa ananawa pale bomba la wodi ya watoto lilipokata maji, povu likiwa bado viwikoni. Hakuhangaika na povu. Alimwendea Bwana Mdogo kitandani na kumkuta midomo imeanza kuwa ya bluu, kama alivyotarajia.

Bwana Mdogo, mtoto wa miezi michache, alizaliwa na moyo wenye kasoro, akashonewa kifuani mrija mwembamba wa kupeleka damu mapafuni. Damu ikiganda mrijani, bomba la wodi nalo hukauka. Dalili ya mvua ni mawingu. Ya Bwana Mdogo ilikuwa bomba. Akina mama walifua nepi huku wakilitupia jicho.

Sista alisikiliza kifua. Ule mvumo wa mrija haukuwepo, naye akaogopa, maana alimpenda mtoto huyu. Alimwekea oksijeni na dripu, kisha akatoka mbio. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilifungiwa kabatini, ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa kikaoni, wakijadili namna ya kuharakisha huduma. Aliambiwa asubiri ajenda iishe. Akamvua mtu mkanda. Mtunza stoo alishika suruali kwa mkono mmoja na kuendelea kuchangia hoja.

Sindano ilipoingia, bomba lilikohoa, likatema kutu, maji yakaja. Midomo ikarudia rangi yake. Mama mtu akakinga ndoo huku analia.

Habari zilimfurahisha mganga mkuu: kumbe tatizo ni maji. Nafasi ya daktari wa moyo ilikuwa wazi tangu enzi na enzi, basi akamteua fundi bomba. Fundi alijitetea kwamba hata upande ulipo moyo hana hakika nao.

"Utajifunza kazini," mganga mkuu akamwambia, akimfunga vifungo vya koti jeupe.

Sista aliomba jambo moja tu, ufunguo ukae wodini. Alijibiwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Mtunza stoo akapewa mkanda mpya wa ngozi, usiofunguka ovyo.

Haikupita wiki, bomba likakata. Daktari mpya wa moyo alifika na spana yake, akasimama mbele ya sinki.

"Dada," mama wa mtoto akauliza, "leo kikao kiko wapi?"

"Ghorofa ya juu," Sista akajibu. Alikuwa ameshavua viatu, na mkononi ana mkasi.