Siranush Awasha Hita

Mwaka huu Hampar, marehemu mume wa Siranush, hakuwepo wa kuwasha hita, na Vahagn, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameshaamua hilo lina maana gani. Lina maana nyumba iuzwe, mama yake ahamie kwake Los Angeles, kwenye chumba kilichojengwa juu ya gareji. Siranush alikuwa na uamuzi wake, ila hakuna aliyemuuliza.

Ukungu wa Novemba ulikuwa umeufunika mji wa Fresno tangu alfajiri, na sebuleni baridi ilikuwa inauma.

"Mama, hujawahi hata kuigusa," Vahagn alisema, koti bado mwilini. "Siku zote Baba ndiye aliyepiga magoti hapo. Utawasha nini?"

"Nitawasha hita. Kwani nimesema nitawasha trekta?"

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, nafunga virago leo hii. Nikiweza, usinitajie tena hicho chumba chako."

Vahagn alikubali upesi mno, na upesi huo ulimchoma mama yake kuliko maneno yote.

Kila majira ya joto hita ile ya gesi ya ukutani ilizimwa kabisa, na zulia jekundu la mama mkwe likatundikwa mbele yake, maana katika nyumba za Waarmenia wa mtaa ule ukuta mtupu ni aibu. Baridi ikirudi, Hampar alikuwa analikunja tu pale pale kwenye misumari yake, kisha anawasha. Siranush alianza kulitungua.

"Si ulikunje tu, kama Baba?"

"Baba yako Mungu amrehemu, lakini hebu tazama." Alimwonyesha pindo lililobabuka, lililotiwa viraka kwa nyuzi zisizofanana. "Nani unadhani alishona hapa? Moto ungeshika siku moja, tungeota moto wa nyumba nzima." Akamtupia zulia mikononi.

Alipiga magoti, magoti yakalalamika, akayapuuza. Alizungusha swichi ya gesi hadi mwisho, pa kuzima, akafungua dirisha, akainama akanusa hadi chini sakafuni. Hakukuwa na harufu. Alisubiri hata hivyo. Kisha akaigeuza hadi alama ya kimoto cha kuwashia, akaibonyeza, akaingiza kiberiti kirefu. Kimoto cha buluu kikachomoza. Kwa furaha akaiachia swichi, na kimoto kikafa.

"Basi, Mama. Umejaribu." Vahagn alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kejeli. Aliweka zulia chini, akanyoosha mkono. "Lete kiberiti, niwashe mara moja upate joto, halafu tufunge mizigo."

"Toa mkono."

"Ni kubonyeza na kuwasha tu, si kazi."

"Gesi imetoka, moto haupo, na wewe unataka kuwasha." Aliizima swichi kabisa. "Tunangoja dakika tano itawanyike. Ukitaka kulipuka, kalipukie kwako."

Wakangoja. Siranush alikaa pale pale sakafuni. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na hasira: na mwanawe, na Hampar aliyelala makaburini, na yeye mwenyewe aliyekaa miaka mingi kwenye kochi akiuliza kama imewaka.

"Kila mwaka nilimwomba baba yako anionyeshe," alisema. "Kila mwaka alinituma kahawa. Juzi nimevaa miwani, nikasoma maelezo yaliyobandikwa ndani ya kimlango hiki. Yalikuwepo siku zote. Nilimzika baba yako, Vahagn. Sikujizika."

Vahagn alitazama saa.

Muda ulipotimia Siranush alinusa tena, akabonyeza, akawasha. Safari hii hakuachia. Kidole gumba kiliuma, kikafa ganzi, naye akazidi kukaza. Alipolegeza, polepole, kimoto kilibaki. Akageuza swichi hadi pa kuwaka, na ndani ya ukuta safu yote ya moto ikashika kwa mvumo mzito.

Vahagn alilitazama zulia sakafuni. "Kuna wanunuzi wanakuja Jumamosi kuiona nyumba," alisema hatimaye. "Nilishawaambia waje."

Kumbe alikuwa ameshawaita kabla mama yake hata hajapiga magoti. Siranush alishika ukuta, akainuka, akafunga dirisha.

"Waje," alisema. "Watakunywa kahawa, wataota moto wangu, kisha waende zao. Na wewe ndiye utakayewasindikiza mlangoni."