Saladi ya Kwaresma

Watu husema mtoto hasahau titi la mama yake. Wasemaji hao hawajapata kumwacha mtoto wa miaka miwili kwa wifi yao, wakapanda Ngorongoro kukaangia wazungu mayai kwa miaka saba. Lukresia alipata. Mumewe Thomasi alipofariki, kishamba chao cha Qurus hakikutosha hata kugombaniwa, na jikoni kwenye hoteli moja ya ukingoni mwa kreta walikuwa wanatafuta mtu. Akamwacha Lusia kwa Cresensia, dada wa marehemu. "Mwaka mmoja tu, wifi," alisema. Haya, mwaka huo ukazaa miaka saba.

Sasa, Kwaresma ya mwaka themanini na tatu, Lukresia akapewa chumba chake mwenyewe kwenye nyumba za wafanyakazi, na shule iko hatua chache tu. Akapeleka salamu kwamba anakuja kumchukua mwanawe. Cresensia akamjibu kwa kijibarua cha mistari miwili: Njoo. Mtoto mwenyewe akikubali, mimi sitamfunga kamba.

Mtoto mwenyewe akikubali! Lukresia hakulala vizuri wiki nzima. Kila Krismasi alikuwa akienda na sabuni na sukari, na kila Krismasi Lusia alimwamkia, akapokea pipi kwa mikono miwili, akakimbilia kucheza. Safari hii, alijiambia, nitampikia kwa mkono wangu, ale ashibe, anijue.

Na chakula alikuwa nacho. Mama mmoja wa Kimarekani, mgeni asiyegusa nyama hata siku zisizo za Kwaresma, aliingia jikoni mwenyewe kuwafundisha. Unakanda unga wa mahindi kwa maji ya moto, unausukuma mwembamba, unakaanga hadi ukauke, unavunjavunja. Juu yake maharage, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, nyanya, kitunguu, parachichi, ndimu na maziwa mgando. Alikiita kwa jina la kwao, saladi ya tako, wapishi wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye hakuambiwa sababu. Lakini kilikuwa kitamu jamani, na hakina kazi kubwa kukipika. Wageni walikuwa wanaomba waongezewe.

Basi Ijumaa ile Lukresia akashuka na lori la hoteli hadi Karatu, akatembea hadi Qurus na kikapu kichwani. Akafunga kanga, akaomba jiko.

"Pumzika kwanza, wifi," Cresensia alisema. "Mgeni hapiki."

"Mgeni nani? Nipe kisu."

Cresensia akampa, akakaa kando ya chungu cha mahindi kilichokuwa kinachemka tangu asubuhi. Lukresia akaifungua chupa ya mafuta aliyokuja nayo, akaimimina yote kwenye sufuria. Wakati huo mafuta ya kula yalikuwa hayaonekani dukani hata kwa dawa. Cresensia aliitazama ile chupa ikimalizika, akarudi kukoroga chungu chake. Ndivyo alivyo, hasemi. Angesema ingekuwa nafuu.

Mchana wakakusanyika: Cresensia, mumewe Raphaeli na Lusia. Lukresia akaweka sinia katikati. Jekundu, kijani, jeupe, lilipendeza kweli. Raphaeli akasali, akainua jani la kabichi kwa vidole viwili, akaligeuza huku na huku.

"Shemeji, hii bado haijaiva."

"Ndivyo inavyoliwa, shemeji. Mbichi."

"Mbichi!" Raphaeli akacheka, mtu mzuri tu, hana baya. "Sisi hapa hatuna pembe, shemeji. Hiyo tungempa ndama."

"Baba Patrisi!" Cresensia akamkemea mumewe.

Lukresia hakuwa na habari na Raphaeli. Macho yake yalikuwa kwa Lusia. Mtoto alichukua kipande kimoja cha unga wa kukaanga, akakitafuna. Akachukua na kabichi kidogo. Akatafuna, akatafuna, shavu limevimba, machozi yanamlengalenga kwa ile ndimu. Akameza. Kisha akafuta mikono kwenye gauni.

"Asante, nimeshiba," alisema.

Tonge mbili! Mtoto wa miaka tisa, aliyetoka kuchota maji, ameshiba kwa tonge mbili. Miaka saba Lukresia alikuwa akiwapikia watu asiowajua, na ndimi zao akazijua kuliko ulimi wa mtoto aliyemzaa.

Cresensia akainuka. Hakununa, hakusengenya. Alisema tu, "Chakula hakitupwi, hasa Kwaresma," akalibeba sinia, akatenga parachichi pembeni, vingine vyote akavimimina kwenye chungu cha mahindi: maharage, kabichi, nyanya, hata vile vipande vilivyokunywa chupa nzima ya mafuta. Akakoroga kwa mwiko, akaongeza chumvi, akafunika. Iliuma. Tena iliuma zaidi kwa sababu ilifanywa kwa wema.

Baadaye makande yakapakuliwa, yanatoa moshi. Lusia akalijia sinia mbio. Kisha akasita, akarudi ndani, akatoka na sahani ya bati na kijiko, akapakua vizuri, akapiga goti mbele ya Lukresia.

"Karibu, mama."

Akarudi kuketi ubavuni kwa Cresensia, wakala watatu kwenye sinia moja. Alikula mtoto yule! Alikomba hadi ukingoni.

Cresensia akaweka tonge chini. Ahadi ni deni, na yeye hakuwa mwongo.

"Lusia," alisema, "mama yako amekuja kukuchukua, ukakae naye huko juu, usome. Unasemaje?"

Mtoto akaacha kutafuna. Akamtazama Lukresia, akamtazama Cresensia. Hakulia. Alishika tu upindo wa kanga ya Cresensia.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, na hakuwa anamuuliza Lukresia, "kwani nimekosa nini?"

Raphaeli akainamisha kichwa. Cresensia akageuza uso upande wa zizi, machozi yakimtoka, na hapo Lukresia akakosa hata mtu wa kumchukia.

"Hujakosa kitu, mwanangu," Lukresia alisema. "Mama yako anakutania. Kula."

Lusia akamtazama kidogo kuhakikisha, halafu akarudisha mkono kwenye sinia. Lukresia naye akala. Makande yalikuwa matamu, akayamaliza yote, maana lori lilikuwa linapandisha saa kumi na njia ya Karatu ni ndefu kwa miguu.