Pango Lenye Kuitikia

Mama Phébé alikuwa na majuma machache tu ya kuonyesha kwamba wanawake wa kambi ya reli, Kamina, wanajua kuimba. Masharti aliyaweka Lazare, karani wa stesheni na kiongozi wa kwaya ya wanaume, kwa sauti yake ileile ya kutangaza treni. Jumapili ya mavuno wangeimba wimbo mmoja. Wakiweza, wataimba kila Jumapili.

"Mukishindwa, mutarudia ku masufuria. Korali yangu inapenda bukari ya moto," alisema, akimaanisha ugali.

Kisha akafunga kanisa, akatia ufunguo mfukoni, eti wanaume wana repetisyo, yaani mazoezi.

Phébé hakubishana naye. Alikumbuka pango la nje ya mji alikopelekwa utotoni na nkambo wake, mama mzaa mama. Lilikuwa refu na la mviringo kama bomba, na wazee walisema ni moto wa chini ya ardhi uliolichimba ukaenda zake. Humo watu waliweka mbegu za karanga zisiharibike kwa jua. Walipokuja wakamataji wa vibarua wa kujenga reli, waliwaficha humo wanaume. Sasa lingeficha kwaya.

Jumamosi ya kwanza waliingia na taa, wameshikana mikono. Phébé akaimba mstari mmoja wa kujaribu. Pango likaurudisha wote, mnene, mtamu. Wanawake wakapiga kelele, na pango nalo likapiga kelele. Ndaya, mwenye kicheko kisichojua adabu, akaketi chini akijishika mbavu.

"Bamama! Uyu njo mwanaume wa kwanza mwenye anatuitika bila kubisha!"

Tangu hapo walilewa pango. Waliimba, wakanyamaza, wakaliachia zamu yake, wakaendelea. Amédée, mume wa Phébé, mtia makaa wa garimoshi, alikuja kumchukua mkewe kila Jumamosi, akawa anasubiri mlangoni mwa pango huku akitikisa kichwa. Phébé alirudi nyumbani akirukaruka njiani kama msichana, wala hakuona haya.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa hadi madirishani. Wanawake wakaimba mstari wa kwanza, wakanyamaza, wakasubiri.

Kimya. Mtoto akapiga chafya.

Hapo ndipo Phébé alipoelewa. Nusu ya wimbo ilikuwa ya pango, na pango lilikuwa limebaki porini! Hakuna kati yao aliyejua kuuimba bila kungoja. Lazare akakunja mikono, akatabasamu. Phébé aliinua mkono kwa mstari wa pili kwa kuwa hakujua la kufanya. Wakaimba. Wakanyamaza.

Ndipo kutoka benchi la nyuma sauti iliyokwaruzwa na moshi wa makaa ikaurudisha mstari wote. Alikuwa Amédée, amesimama, macho ameyafumba. Watu wa reli waliokaa naye wakaangua kicheko, halafu wakasimama nao. Mstari uliofuata uliitikiwa na benchi zima, na uliofuata na kanisa zima, vitambaa vikipepea, mahindi yakidondoka kutoka vikapuni. Phébé aliimba, akacheka, akalia, yote kwa pamoja, akamtazama yule mwanaume wake mweusi kwa masizi akampenda upya. Hata kiatu cha Lazare kikaanza kupiga sakafu, kisha mdomo wake ukakifuata.

Jumamosi iliyofuata, wanawake wakiwa pangoni, kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Lazare na kwaya yake nyuma yake, na mikononi amebeba sufuria.

"Hodi!" akaita.

"Hodi," likasema pango.

"Mama Phébé, sisi pia tunaomba kuingia..."

"Kuingia," likasema pango.

Ndaya alikuwa chini tayari. Phébé akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Papa Lazare, ngoja kwanza uyu mwanaume wetu wa pango amalize. Kisha weka moto pale inje, ukoroge bukari. Sisi tuko na repetisyo."